Fundo Lililochelewa: Mashine za Kwanza za Kuvuna Ngano

MUSHI: Karibuni wasikilizaji. Leo tuko shambani, lakini shamba la zama za farasi, kabla ya trekta. Tunazungumzia mashine za kwanza za kuvuna nafaka na marekebisho yaliyozifanya zifae. Mimi ni Mushi.

ZUHURA: Na mimi Zuhura, mtu wa Tanga. Niseme mapema kwamba ngano si zao la kwetu. Sisi ni mnazi na mkonge, kwa hiyo leo mimi ndiye wa kuuliza.

MUSHI: Huo mkonge uweke karibu, tutauhitaji.

ZUHURA: Mkonge na ngano wapi na wapi? Haya, tuanze. Kuvuna kwa mkono kulikuwa na shida gani mpaka watu wakakesha kutafuta mashine?

MUSHI: Shida ni muda. Ngano ikishakauka haikusubiri. Ukichelewa, masuke yanapukutisha punje chini, au mvua inakuja na kulaza kila kitu. Mtu mwenye mundu, hata awe hodari, siku nzima anapigana na nusu ekari hivi. Kwa hiyo mkulima alikuwa hapandi kadiri anavyoweza kulima, alipanda kadiri atakavyoweza kuvuna.

ZUHURA: Na vibarua wote wanatakiwa wiki ileile, kwa kila jirani.

MUSHI: Hapo umemaliza. Wazo la mashine ni la zamani mno. Wagalia, watu wa sehemu ambayo leo ni Ufaransa na jirani zake, enzi za Warumi walikuwa na sanduku la magurudumu mawili lenye meno kwa mbele, linasukumwa na ng'ombe, masuke yanang'oka na kuangukia ndani. Pliny, mwandishi wa Kirumi, ameliandika. Mwaka 1958 huko Buzenol, Ubelgiji, likapatikana jiwe lililochongwa picha ya mashine yenyewe.

ZUHURA: Kumbe! Sasa ilipotelea wapi?

MUSHI: Ilikwisha na dola yao. Tuiache, turuke hadi Uskoti, mwaka 1828. Kuna kijana anaitwa Patrick Bell, mtoto wa mkulima, anasomea uchungaji. Amechukua wazo kwenye mkasi wa bustani: safu ya mikasi mbele ya mashine, farasi wanasukuma kutoka nyuma. Akaijaribu usiku pamoja na ndugu yake, majirani wasione.

ZUHURA: Aliogopa kuchekwa.

MUSHI: Ikishindwa isionekane, ndiyo. Lakini haikushindwa. Na sikiliza alivyoweka: juu ya visu kuna gurudumu la fito linalozunguka na kuinamishia ngano kwenye visu, nyuma yake kuna turubai linalotembea na kumwaga mabua pembeni, yamelala kwa mpangilio. Karibu kila kitu kilichokuja baadaye kimo humo.

ZUHURA: Basi huyo ndiye tajiri wa hadithi yetu.

MUSHI: Wapi! Hakuchukua hataza, ile hati ya serikali inayozuia wengine wasiige ubunifu wako. Alitaka kila mkulima aweze kuitengeneza. Akawa mchungaji wa Carmyllie, na Jumuiya ya Highland, chama cha kilimo cha Uskoti, ilimkabidhi pauni 1,000 mwaka 1868, miaka 40 baadaye. Mwaka uliofuata akafariki.

ZUHURA: Mimi nadhani hata kasoro moja ilimwangusha. Farasi kusukuma mzigo kutoka nyuma? Unaongozaje?

MUSHI: Kwa tabu! Na hapo ndipo Wamarekani walipobadilisha. Farasi wakafungwa mbele, ila upande mmoja, wapite juu ya mabua yaliyokwisha kukatwa, na kisu kitokeze ubavuni kikate kipande kinachofuata. Hawakanyagi ngano iliyosimama. Unaona ni jambo dogo, lakini bila hilo hakuna biashara.

ZUHURA: Sasa kisu chenyewe. Kwa nini usiweke tu panga refu liende mbele?

MUSHI: Kwa sababu bua la ngano ni jepesi na linakwepa. Ukilisukuma linainama, halikatiki. Lazima kitu kilishike wakati kisu kinapita. Umeshaiangalia mashine ya kinyozi kwa karibu?

ZUHURA: Ina safu mbili za meno, moja juu ya nyingine, ya chini imetulia, ya juu inakwenda huku na huku.

MUSHI: Ndiyo hiyo hiyo. Obed Hussey, aliyepata hataza ya Marekani mwezi Desemba 1833, alifunga vipande vya pembetatu kwenye chuma kirefu, kikawa kinacheza kushoto na kulia ndani ya vidole vya chuma vilivyopasuliwa katikati. Kidole kinashika bua, pembetatu inalikata. Mpaka leo ukienda kwenye kombaini, mashine inayokata na kupura kwa pamoja, ukainama chini mbele, utakuta mpangilio huo.

ZUHURA: Halafu McCormick? Huyo ndiye jina lake liko kila mahali.

MUSHI: Cyrus McCormick, wa Virginia. Alionyesha mashine yake mwaka 1831, akachukua hataza Juni 1834, miezi sita baada ya Hussey. Baba yake, Robert, alikuwa amehangaika na wazo hilo miaka mingi. Na kwenye karakana ya shamba lao alikuwapo Jo Anderson.

ZUHURA: Ambaye ni nani?

MUSHI: Mtu mweusi, mtumwa wa familia ile. Alifanya kazi bega kwa bega na Cyrus kuijenga mashine.

ZUHURA: Na kwenye hataza?

MUSHI: Hayumo. Wala asingeweza kuchukua ya kwake. Mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa Marekani alitamka rasmi kwamba mtumwa hawezi kupewa hataza.

ZUHURA: Kwa hiyo tunaposema "McCormick alibuni", tunasema alichoandika karani wa hataza. Mikono iliyopiga hicho chuma ni habari nyingine. Sawa, endelea, nisije nikakaa hapa mpaka jioni.

MUSHI: Ungekaa tu, ni haki. Basi, mashine ya McCormick ilikuwa na gurudumu la fito, jukwaa la kupokea mabua, na ubao wa kutenganisha ngano inayokatwa na inayobaki. Kisu chake kilikuwa chembamba chenye meno kama ya mundu. Ya Hussey ilikuwa na kisu bora, lakini haikuwa na gurudumu la fito. Kila mmoja ana nusu ya jibu.

ZUHURA: Na hawasemezani.

MUSHI: Wanagombana magazetini! Mwaka 1851 mashine za wote wawili ziko Uingereza, kwenye Maonyesho Makuu ya London. Gazeti la Times liliicheka mashine ya McCormick, likasema ni kama gari la sarakasi limeunganishwa na toroli na chombo cha kuruka. Kisha ikapelekwa shambani Tiptree, Essex. Ngano mbichi, imelowa. Ya Hussey, iliyoendeshwa bila mwenyewe kuwapo, ikaziba. Ya McCormick ikakata, ikapata medali kubwa.

ZUHURA: Ikaziba vipi?

MUSHI: Fikiria ule mpasuo kwenye kidole. Majani mabichi yanaingia pamoja na kisu, hayana pa kutokea, yanajibana, kisu kinagoma. Na kumbuka hakuna injini. Nguvu yote inatoka kwenye gurudumu linalobingirika ardhini, inapitia gia, inafika kwenye krenki, mkono unaogeuza mzunguko kuwa mwendo wa huku na huku, inayovuta kisu. Farasi wakipunguza mwendo, kisu nacho kinapoa, uchafu unazidi kujaa. Hussey alikwisha kuliona tatizo hilo, na mwaka 1847 alipata hataza ya kidole kilichoachwa wazi kwa juu upande wa nyuma. Takataka zikiingia, zinasukumwa na kuanguka.

ZUHURA: Kumbe dawa yake ni tundu tu.

MUSHI: Tundu tu. Mimi katika mashine zote hizi ndilo ninaloliheshimu zaidi. Hakuongeza kitu, alipunguza chuma.

ZUHURA: Hataza za kwanza zilikwisha lini?

MUSHI: Ziliisha mwaka 1847 na 1848, wote wawili wakaomba waongezewe muda, wakanyimwa. Hapo milango ikafunguka. Kila fundi akachukua kisu cha huyu na gurudumu la yule. McCormick akahamia Chicago, karibu na mashamba mapya ya ngano, akaanza kushtaki watu. Mwaka 1855 ilisikilizwa kesi yake dhidi ya John Manny, mtengenezaji mwingine, kuhusu vitu kama ule ubao wa kutenganisha na kiti cha anayekokota mabua. Mmoja wa mawakili wa Manny alikuwa Abraham Lincoln.

ZUHURA: Lincoln yule yule?

MUSHI: Yule yule, na wenzake wakamweka pembeni, hakupewa nafasi ya kusema mahakamani. Aliyemdharau zaidi, Edwin Stanton, baadaye akawa waziri wake wa vita. McCormick alishindwa kesi.

ZUHURA: Umetaja kiti cha anayekokota. Kwa hiyo bado kuna mtu juu ya mashine?

MUSHI: Hapo ndipo napenda tufike. Mashine inakata, mabua yanalala jukwaani, lakini nani anayatoa? Mwanzoni mtu alitembea kando kwa miguu akiyavuta kwa reki, siku nzima, kwa mwendo wa farasi. Wakampa kiti. Baadaye katika miaka ya 1850 zikaja reki zinazojiendesha. Sawa, mabua yako chini kwenye marundo. Nani anayafunga miganda?

ZUHURA: Watu.

MUSHI: Kundi zima la watu! Kuinama, kukusanya, kusokota kamba ya mabua, kufunga, kusimama, kwenda rundo linalofuata. Mashine inakata haraka kuliko wanavyoweza kufunga. Foleni imehama tu.

ZUHURA: Mkulima kalipia mashine, na vibarua bado anawahitaji wiki ileile.

MUSHI: Ndugu wawili Marsh, wa Illinois, mwaka 1858 wakaja na jibu rahisi: turubai linapandisha mabua hadi juu ya mashine, na wafungaji wawili wamepanda humo humo wanafunga wakiwa wima, mezani. Hakuna kutembea wala kuinama. Hawakuongeza kasi ya kufunga fundo, waliondoa yote yaliyokuwa katikati ya fundo na fundo.

ZUHURA: Na mashine ya kufunga yenyewe?

MUSHI: Miaka ya 1870 ikaja ya waya. Kusokota waya ni rahisi kwa mashine: shika ncha mbili, zungusha, kata. Lakini waya ule vipande vyake vilibaki kwenye majani, ng'ombe wakavila. Vingine vikaingia kinuni pamoja na ngano. Wasagaji wakalalamika sana.

ZUHURA: Ng'ombe akimeza waya hiyo kazi imekwisha.

MUSHI: Kwa hiyo wanataka kamba. Sasa jaribu kuwaza, Zuhura: chuma kifunge fundo la kamba, kwenye vumbi, mashine inaruka mashimo, mara elfu na zaidi kwa siku.

ZUHURA: Nashindwa hata kuelewa kianzie wapi.

MUSHI: John Appleby, wa Wisconsin, alianza kuliwaza akiwa kijana wa miaka 18 hivi. Hataza zake ni za 1878 na 1879. Kiini chake ni kidomo cha chuma kilichopinda, kama mdomo wa ndege. Sindano kubwa inazungusha kamba kwenye mganda, inaleta ncha zote mbili juu ya kidomo. Kidomo kinazunguka mara moja, kamba inajiviringisha juu yake. Kikiwa katika kuzunguka kinafumbua, kinauma ncha zile, kisu kidogo kinakata, halafu mkono wa chuma unavua kitanzi kutoka kwenye kidomo. Kitanzi kinapovuka ncha zilizoumwa, fundo limekaza.

ZUHURA: Ngoja, nimejaribu kwa kidole hapa na uzi wa chaja. Ee! Limefunga.

MUSHI: William Deering, mwenye kiwanda cha mashine za kuvuna, akanunua haki ya kuitengeneza, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1880 waya umeanza kuachwa. Dereva mmoja na farasi, miganda inaanguka imefungwa. Lile kundi la wafungaji likatoweka shambani.

ZUHURA: Hiyo kamba ilitoka wapi?

MUSHI: Sasa lete mkonge wako.

ZUHURA: Usiniambie.

MUSHI: Mwanzo ilikuwa nyuzi za Manila kutoka Ufilipino, na katani ya Yucatán, Meksiko. Mamilioni ya miganda, kila mmoja na kamba yake, kila msimu. Bei ya katani ikawa jambo la kuwakosesha usingizi wakulima wa Marekani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikapitia Hamburg. Vilivyofika Tanga vikiwa hai ni 62.

ZUHURA: Hao 62 tunawajua! Wengine wote ni wajukuu wao. Lakini shuleni tulifundishwa mkonge ni wa magunia na kamba za meli.

MUSHI: Hizo pia. Lakini soko kubwa la nyuzi hizi lilikuwa kamba ya shambani, ya kufunga miganda, na baadaye marobota ya majani.

ZUHURA: Yaani yale mashamba, reli, manamba walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, nyuma yake kuna kidomo cha Appleby.

MUSHI: Sehemu kubwa ya mahitaji, ndiyo. Ng'ambo wafungaji wamepungua, huku kwetu wakataji wakaongezeka.

ZUHURA: Foleni ilihama mpaka Tanga. Lakini kombaini si ndiyo ingeondoa miganda kabisa? Kwa nini hawakuanza nayo?

MUSHI: Walianza nayo, ndiyo ajabu! Hiram Moore, wa Michigan, alipata hataza ya mashine inayokata na kupura kwa pamoja mwaka 1836, miaka miwili tu baada ya McCormick. Ilifanya kazi. Tatizo ni unyevu. Ngano ya Michigan ukiikata na kuipura papo hapo ukaitia ghalani, inaota ukungu. Mganda unasimamishwa shambani unakauka taratibu. Mashine ya Moore ilipopelekwa California, 1854, kwenye jua kali, ikavuna vizuri ekari 600.

ZUHURA: Kwa hiyo wengine walihitaji fundo kwa sababu ya mvua.

MUSHI: Na kombaini ilipokuja kutawala, fundo halikufa. Lilihamia kwenye mashine ya kufunga marobota ya majani ya ng'ombe. Kidomo ni kile kile.

ZUHURA: Ila kamba imekuwa plastiki, na bei ya mkonge tuliiona ilivyoanguka.

MUSHI: Plastiki ina kasoro yake: haiozi, na ng'ombe akiimeza ni shida kama ya waya.

ZUHURA: Basi msikilizaji mwenye mashine ya marobota, fundo likimwachia afanye nini?

MUSHI: Aangalie vitu vitatu kabla ya kumwita fundi. Kisu cha kukatia kamba kikiwa butu, ncha zinatoka zimenyambuka. Kidomo kikiwa na kutu au mikwaruzo, kitanzi hakivuki vizuri, akilainishe kwa msasa laini. Na akague kibano cha kamba, kikilegea ncha zinachomoka kabla ya fundo kukaza. Injini izimwe kabisa kwanza, kidomo hakichagui kati ya kamba na kidole.