Hear'Say: waliuza nusu milioni kwa wiki moja, mwaka uliofuata kundi limekufa

Haya wapendwa wa huko nyumbani, karibuni. Leo tunalifungua kundi la Hear'Say la hapa Uingereza tuone lilivyoundwa na lilivyoharibika.

Mwanzoni mwa 2001, kituo cha televisheni cha ITV kilirusha Popstars, mtindo wa kipindi uliotoka New Zealand. Majaji watatu walichuja maelfu ya vijana hadi wakabaki watano: Kym Marsh, Myleene Klass, Suzanne Shaw, Danny Foster na Noel Sullivan. Hakukuwa na kura za SMS kama mlizozizoea kwenye Bongo Star Search. Mtazamaji alichoweza kufanya ni kutazama, kisha aende dukani.

Na dukani kulikuwa na mzigo tayari. Wimbo wa kwanza, "Pure and Simple", haukutungwa kwa ajili yao. Kundi jingine la kuundwa, Girl Thing, lilikuwa limeshaurekodi. Polydor, lebo ya Hear'Say, wakauchukua. Hapo tega sikio: mirabaha ya utunzi huenda kwa watunzi, na hao watano hawakuwamo.

Kwa kawaida enzi zile lebo ilipeleka wimbo redioni wiki kadhaa kabla, ndipo CD ziingie madukani Jumatatu, mauzo yahesabiwe hadi Jumamosi, na chati itangazwe Jumapili. Hear'Say hawakuihitaji redio, kwa sababu kipindi kizima kilikuwa tangazo lao. Machi 2001 singo iliuza takriban nakala 550,000 wiki ya kwanza, na albamu nayo ikapanda namba moja.

Sasa kasoro. Watu walinunua mwisho wa hadithi waliyoifuatilia, na hadithi ikishaisha hununui mwisho wake mara ya pili. Singo ya pili ilishika namba moja mwezi Julai, sawa, lakini ile ya Desemba iliishia namba 4. Albamu ya pili, iliyotoka mwaka uleule, ikagota namba 24. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la lebo: albamu mbili ndani ya mwaka mmoja, kwa kundi ambalo bado halijajua sauti yake.

Januari 2002 Kym akaondoka. Ukafanyika usaili mwingine, akachukuliwa Johnny Shentall, aliyeshawahi kuimba kwenye kundi la Boom! na ambaye mchumba wake alikuwa Lisa Scott-Lee wa kundi la Steps. Watu wakanung'unika kwamba nafasi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Wakati huohuo ITV hiyohiyo imeshaleta Pop Idol, na humo mtazamaji anapiga kura. Singo ya kwanza ya mshindi, Will Young, ikauza zaidi ya milioni moja wiki ya kwanza. Hear'Say wakageuka bidhaa ya msimu uliopita, wakawa wanazomewa hadharani. Singo ya Agosti ikafika namba 6, na Oktoba 2002 wakatangaza kuvunjika.

Ajabu ni wale watano wengine waliofika mwisho kwenye Popstars wakaachwa. Waliunda Liberty, jina likawaletea kesi, wakawa Liberty X, wakasaini na lebo ya V2. Mei 2002 walishika namba moja, 2003 wakabeba Brit, tuzo ya muziki ya Uingereza, ya singo bora, na kundi likadumu hadi 2007. Mmoja wao, Kevin Simm, alirudi kwenye mashindano mwaka 2016 akashinda The Voice UK.