Mtoto Hasemi "Sioni"

Mhadhara kwa wazazi na walimu wa shule ya msingi

Wazee wetu mliokuja na wajukuu, shikamooni. Wazazi wenzangu na walimu, habari za asubuhi.

Mtu mzima akianza kuona ukungu hulalamika, kwa sababu anakumbuka alivyokuwa akiona zamani. Mtoto aliyezaliwa na uoni hafifu hana kumbukumbu hiyo. Anadhani kila mtu darasani anauona ubao kama anavyouona yeye. Kwa hiyo tusisubiri aseme. Kazi ya kugundua ni yetu.

Kuna jambo moja naomba mlishike hata kama mengine yote yatawatoka. Mtazameni mtoto mboni, ule mduara mweusi katikati ya jicho. Ikionekana nyeupe, au iking'aa kama jicho la paka gizani, mpelekeni hospitali yenye kitengo cha macho wiki hiyo hiyo. Mara nyingi mama ndiye anayeona kwanza, jioni taa ikimulika kwa pembeni, au kwenye picha ya simu: jicho moja limetoka jekundu, la pili jeupe. Akisema, anaambiwa ni mwanga tu. Ni kweli, mara nyingine ni mwanga tu. Lakini weupe huo unaweza kuwa saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata hasa watoto wa chini ya miaka 5. Ikiwahiwa, mtoto hupona, na pengine hata jicho huokolewa. Ikichelewa, jicho huvimba na kutoka nje, ugonjwa unaweza kufika kwenye ubongo, na hapo tunapigania uhai. Inaniuma sana kwamba watoto wetu wengi bado wanaletwa wakiwa katika hatua hiyo, ilhali weupe ulishaonekana nyumbani miezi mingi nyuma.

Weupe huo unaweza pia kuwa mtoto wa jicho. Wengi wanaamini ni ugonjwa wa wazee, lakini mtoto huweza kuzaliwa nao. Sababu mojawapo ni mama kuugua rubella, ugonjwa wa virusi wenye vipele kama vya surua, mimba ikiwa changa, na ndiyo maana tangu 2014 hapa Tanzania chanjo ya surua inatolewa pamoja na ya rubella. Mzee anaweza kukaa na mtoto wa jicho miaka kadhaa, akafanyiwa upasuaji na kuona tena. Kwa mtoto mchanga haiwi hivyo. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha, na jicho lisiloupelekea picha safi huachwa. Ukungu ukiwa mzito, upasuaji unatakiwa ufanyike ndani ya wiki za mwanzo. Akifikisha umri wa shule, jicho linaweza kusafishwa likawa safi kabisa na bado asione.

Makengeza nayo huharibu kwa njia hiyo hiyo. Katika miezi 3 au 4 ya kwanza macho ya mchanga yanaweza kupishana mara moja moja. Baada ya hapo, jicho linalokwenda upande lipimwe, hata kama bibi anasema ni urembo. Nyumbani fanyeni hivi: mtoto akiwa anatazama kitu anachokipenda, zibeni jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akitulia mkiziba hili, lakini mkiziba lile analia na kusukuma mkono, basi lile analogombania ndilo analotegemea. Hilo jingine halimsaidii. Tiba yake mara nyingi ni miwani, na kuziba jicho linaloona vizuri saa kadhaa kila siku ili lile lililolala lifanye kazi. Kabla ya miaka 7 au 8 matokeo huwa mazuri zaidi.

Na yale macho makubwa tunayoyasifu kwa mchanga? Yakiwa makubwa kupita kawaida, yanatoa machozi, na mtoto anaficha uso akiona mwanga, hiyo inaweza kuwa presha ya macho. Msichelewe.

Walimu, mtoto anayenakili kutoka daftari la mwenzake badala ya ubaoni, anayekunja macho, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayesogeza kitabu hadi puani, msimwite mvivu wala msimchape. Msogezeni mbele, kisha mwiteni mzazi. Mtoto mwenye ualbino akae mbele tangu siku ya kwanza, mbali na dirisha lenye jua kali, aruhusiwe kuvaa kofia; miwani humsaidia, ila haimmalizii tatizo. Na miwani haiharibu macho ya mtoto yeyote. Naambiwa kila wiki kwamba inaharibu, na si kweli.

Dawa za majani, maziwa ya mama, maji ya sukari: visiingie jichoni. Matone ya dukani pia, yale ya kuondoa kuwasha na wekundu, baadhi yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na mtoto akiyatumia miezi bila kupimwa anaweza kupofuka.

Ukifika kituoni ukaambiwa "atakua, litaondoka lenyewe", omba barua ya rufaa kwa upole, na usiondoke bila hiyo barua. Hospitali za CCBRT na Muhimbili kwa walio Dar es Salaam, hospitali ya KCMC, Moshi, kwa walio kaskazini, wote wanapima watoto, hata mchanga asiyejua kusoma herufi.

Walioleta watoto wa chini ya miaka 5, piteni mbele tuanze nao.