Pikipiki ya zamani haivuti ghafla: tafuta ugonjwa kwenye Honda CG125 ya platina kabla hujagusa kabureta

Karibu, mtazamaji. Hii mbele yetu ni Honda CG125 ya platina, yaani ile yenye swichi ndogo ya kufunguka na kufunga inayoamua plagi ipige moto lini. Modeli hii ilianza kuuzwa mwaka 1976, na kelele ya tapeti zake (skrubu za kurekebishia pengo la valvu) unaisikia kabla hujaiona. Kemshafti yake (shafti inayofungua valvu) haiko juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Iko chini, na inasukuma valvu kwa pushirodi mbili ndefu. Ndiyo injini iliyokuja kuigwa sana China, kwa hiyo kama bodaboda yako ya 125 au 150 ni ya pushirodi, karibu kila kitu cha leo utakikuta humo. Tofauti kubwa ni platina, maana kwenye hizo za sasa kazi yake inafanywa na CDI, kisanduku cha elektroniki.

Ugonjwa wenyewe ni huu: pikipiki ilikuwa nzima, mara haivuti. Kilima ilichokuwa inapanda kwa gia ya tatu, sasa inalia kwa gia ya pili. Weka bisibisi chini kwanza. Wengi hukimbilia kabureta kwa sababu iko karibu na mkono. Wanaipuliza, wanazungusha skrubu ya hewa bila kuhesabu mizunguko, na baada ya saa moja wana magonjwa mawili badala ya moja. Jiulize: nguvu iliondokaje?

Kama injini inapiga kelele ya juu lakini mwendo hauongezeki, injini haina kosa. Klachi inateleza. Shika mkono wa klachi hapa mwishoni, uvute taratibu. Lazima uchezecheze milimita 10 hadi 20 kabla haujaanza kukaza. Ukikaza mara moja, kebo imevutwa mno na sahani hazibanani sawasawa, legeza nati ya kurekebishia. Kama uhuru upo na bado inateleza, uliza oili ipi imewekwa. Baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki hii inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini. Mwaga, weka oili ya pikipiki, kisha jaribu tena kabla hujanunua sahani.

Kama ilikuwa nzito, kana kwamba kuna mtu anaivuta nyuma, simamisha kwa stendi ya kati, toa gia, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Lizunguke lenyewe angalau mara moja au mbili. Breki ya dramu iliyokazwa kupita kiasi huanza kushika ikipata moto, na ukigusa habu utaungua vidole. Tazama na mnyororo. CG nyingi mnyororo wake uko ndani ya boksi la bati, kwa hiyo husahaulika mpaka ukauke na kukakamaa. Fungua kizibo cha kuchungulia, usikisie.

Uzito ulioingia ghafla pamoja na harufu ya chuma cha moto ni habari nyingine. Hapo pistoni inaanza kushika kwenye silinda. Minya klachi papo hapo, zima, subiri injini ipoe kabisa, halafu pima oili kwa kijiti. Injini hii inabeba takriban lita moja tu. Ikipungua robo lita, hiyo ni robo ya oili yote.

Tukishayaondoa hayo, yanabaki petroli, moto na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.

Petroli ikikosa kufika, injini haikati kama swichi. Inafifia. Inavuta, inavuta, inaishiwa pumzi, inazima. Ukisubiri dakika tano inawaka kana kwamba haikuwa na kitu, unakwenda kilomita mbili, inarudia. Ikifanya hivyo, fungua kifuniko cha tangi hapohapo barabarani na usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Petroli ilikuwa inatoka bila hewa kuchukua nafasi yake, mpaka mvuto ndani ya tangi ukaishinda. Vumbi na kutu huziba tundu hilo, na pikipiki iliyokaa muda mrefu unaweza kukuta nyigu wa udongo amejenga humo. Safisha kifuniko. Kuendesha na kifuniko kilicholegezwa si dawa, petroli itakumwagikia mapajani.

Kama hakuna mluzi, chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa safi ya kioo, fungua koki. Injini iwe imepoa, na asiwepo mtu mwenye sigara karibu. Tunataka mkondo usiokatika. Acha utiririke dakika nzima, kwa sababu koki yenye uchafu huanza vizuri kisha ikapungua hadi matone. Halafu geuza koki kwenye rizevu. Ikitiririka vizuri rizevu lakini si kwenye nafasi ya kawaida, ama tangi liko chini ya kiwango, ama mrija wa juu wa koki umeziba. Sasa inua chupa kwenye mwanga. Unaona hizi shanga zinazotembea chini ya petroli, hazichanganyiki nayo? Ni maji. Ukiziona kwenye chupa, zipo pia kwenye kikombe cha kabureta. Fungua skrubu ya kumwagia pale chini, yatoke.

Kuna dalili moja ya petroli ambayo hudanganya. Pikipiki inawaka vizuri, inanguruma vizuri ikiwa imesimama, hata mwendo wa taratibu iko sawa. Ukizungusha akselereta kupita nusu, inakohoa na kulegea. Hapo petroli inafika kwenye kabureta, ila haipiti ya kutosha kwenye jeti kubwa. Jeti ndogo ndiyo inayolisha injini ikiwa chini, kwa hiyo haioneshi kosa lolote.

Jaribio lake halihitaji kufungua kitu. Tafuta barabara tupu, nenda gia ya tatu, shikilia akselereta pale inapoanza kukohoa. Kwa mkono wa kushoto pandisha choki kidogo, robo hivi. Injini ikipata nguvu, ilikuwa inakula hewa nyingi kuliko petroli: jeti imeziba, floti (boya la kabureta) iko chini, au hewa inaingia njia ya wizi. Ikizidi kulemewa na kutoa moshi mweusi, petroli ilikuwa nyingi tayari: filta ya hewa imejaa vumbi, choki haifunguki yote, au sindano ya floti haizibi. Jaribio la nusu dakika limekwisha kukwambia upande gani wa kutafuta.

Hewa ya wizi huingia pale kabureta inapofungwa kwenye hedi. Injini ikinguruma, dondosha maji kidogo kwa sindano ya bomba kwenye maungio haya. Mlio ukibadilika pale tone linapogusa, oringi imekauka au nati zimelegea. Usitumie petroli kwa jaribio hili, hata kama umeona fundi akifanya.

Jeti ukiitoa, itazame dhidi ya anga. Tundu lazima liwe duara kamili. Isafishe kwa hewa ya pampu au kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Waya wa chuma unalipanua tundu, na hutaligundua mpaka uone petroli inavyoliwa.

Sasa plagi. Ukitaka ikueleze kweli, isome baada ya kazi. Endesha kilomita kadhaa, na ukiwa umevuta akselereta, minya klachi, zima swichi wakati huohuo, jikokote hadi pembeni. Ukiiacha ingurume dakika moja kabla ya kuzima, rangi itakuwa imebadilika. Spana yake ni ya 18, na plagi hizi za uzi wa milimita 12 hazipendi nguvu. Kahawia kama chai ya maziwa, sawa. Nyeupe yenye vidoadoa, petroli ndogo au taimingi (wakati wa plagi kupiga moto) mbaya. Nyeusi kavu kama masizi ya chungu, petroli nyingi. Nyeusi yenye unyevu wa kuteleza ni oili, na hiyo inatupeleka kwenye ringi au gaidi za valvu (mirija inayoongoza valvu). Pengo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kama una plagi mpya, ifunge kwanza kabla ya uchunguzi zaidi. Plagi inaweza kutoa moto mzuri ikiwa nje hewani, ikashindwa ndani ya silinda penye mgandamizo. Kofia ya plagi nayo ichomoe, ukate milimita chache za waya uliooza, uikaze upya.

Na platina ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Fungua kava la kushoto. Hii ni sumaku, na kupitia dirisha lake unaziona platina nyuma. Zungusha sumaku kinyume na saa mpaka platina zifunguke hadi mwisho, ingiza fila, kibati cha kupimia pengo. Tunataka milimita 0.3 hadi 0.4.

Kwa nini tuhangaike na kipimo kidogo hivyo? Platina ina kisigino kinachokanyaga kemu, na kisigino hicho kinalika. Kikilika, pengo linapungua. Pengo likipungua, platina zinachelewa kufunguka, na plagi inachelewa kupiga moto. Injini inawaka kama kawaida, inanguruma kama kawaida, ila haina nguvu na bomba la moshi linapata moto kupita kiasi. Kwa kawaida hali hii huja pole pole. Ikija siku moja, skrubu ya kukazia platina imelegea, au kile kitambaa cha kulainishia kemu kimekauka na kisigino kinasagika haraka. Tone moja la grisi linatosha. Mawili yatarukia kwenye platina.

Angalia na nyuso zake. Kama upande mmoja una kilima na mwingine una shimo, na injini ikiwaka unaona cheche kubwa za buluu hapa, kondensa (kifaa kinachozuia cheche kwenye platina) imekufa. Kusugua platina bila kubadili kondensa ni kazi ya siku mbili tu. Zikiwa zimechafuka kidogo, pitisha msasa namba 400, halafu vuta karatasi safi katikati mara kadhaa, kwa sababu punje moja ya msasa inatosha kuzuia moto.

Sasa taimingi. Bana karatasi ya sigara kati ya platina, ivute kwa mvuto mwepesi huku ukizungusha sumaku taratibu. Tazama kwa karibu: karatasi imeshikwa, imeshikwa, imeachia. Pale inapoachia, alama ya F (ya kupiga moto) kwenye sumaku iwe imekutana na alama ya kwenye injini. Ikiachia F ikiwa imeshapita, moto umechelewa.

Kama pengo ni sahihi na F bado iko mbali sana, shuku kii ya sumaku, kipande kidogo cha chuma kinachoishika sumaku mahali pake kwenye shafti. Toa plagi, ingiza mrija wa soda wa plastiki kwenye tundu lake, leta alama ya T kwenye alama ya injini. Pistoni lazima iwe juu kabisa. Isipokuwa juu, nati ya sumaku ililegea, kii imekatika, na sumaku imehama. Hiyo huondoa nguvu kwa sekunde moja, na mara nyingi kiki inarudisha mguu.

Tapeti tuzipime injini ikiwa baridi, iliyolala usiku kucha. Alama ya T, na valvu zote mbili ziwe huru. Kama moja imekaza, zungusha sumaku mzunguko mzima mwingine. Kipimo ni milimita 0.08 kwa zote mbili. Tapeti inayogonga inaudhi masikio tu. Ya kuogopa ni iliyonyamaza: valvu haifungi yote injini ikipata moto, mgandamizo unavuja, ukingo wa valvu unaungua. Pikipiki inavuta asubuhi, inachoka mchana. Ukikuta pengo kubwa ghafla upande mmoja, nati ya kukazia imelegea au pushirodi imepinda. Itoe, iviringishe juu ya kioo, utaona.

Kabla ya kulaumu ringi, weka kiganja nyuma ya bomba la moshi. Injini ikinguruma, moshi upige kwa vishindo. Ukitoka kama pumzi ya mgonjwa, bomba limeziba kwa masizi.

Mwisho kompresheni. Funga geji kwenye tundu la plagi, fungua akselereta yote, piga kiki mara sita au saba, andika namba. Mimina oili mililita 5 kwa sirinji kupitia tundu hilo, piga tena. Namba ikipanda vizuri, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, na tapeti umeshaziseti, ni valvu au gasketi ya hedi. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya hedi na silinda, piga kiki, utazame mapovu. Yakitokea, gasketi. Yasipotokea, valvu, na hapo hedi inashuka. Kuishusha tutafanya kwenye video inayofuata.