Nuru ya Mpishi Chomboni
Mhadhara kwa manahodha, mabaharia na wapishi wa vyombo vya tanga, Mikindani, Mtwara

Asalaam aleikum wazee wangu manahodha, na ninyi mabaharia. Salamu za kwanza leo nazipeleka kwa wapishi. Kila tukikaa kuzungumzia vyombo tunataja tanga, mashine na dira, na anayetulisha tunamwacha gizani. Chombo kikitoka hapa kwenda Kilwa kwa upepo wa kusi, jua linazama saa kumi na mbili na kitu, na chakula cha usiku kinapikwa chombo kimelala upande na mchuzi unatokota. Nuru ya jikoni ni usalama kabla haijawa starehe.

Vyombo vingi nilivyoingia vina taa moja, imetundikwa katikati ya dari. Mpishi akigeukia ubao wa kukatia, taa inabaki kisogoni na kivuli chake mwenyewe kinaangukia pale pale kisu kinapopita. Akilalamika, anafungiwa balbu kubwa zaidi, na kivuli kinazidi weusi. Dawa ni mahali pa taa. Ishushe, ilete mbele yake chini ya rafu, iangalie ubao. Taa ndogo ukiisogeza kutoka mita 1 hadi nusu mita, nuru inayofika chini inakuwa kama mara nne, na hujaongeza hata wati moja. Halafu pigilia kipapi cha mbao mbele yake, upana wa vidole viwili, kuikinga na macho. Mpishi aone samaki, asione taa. Juu ya jiko penyewe usiweke kitu: joto, mvuke na mafuta huziua taa za LED upesi. Na dari ikiwa nyeusi kwa masizi, isugue uipake rangi nyeupe kabla ya kununua chochote, kwa sababu masizi hunywa nuru.

Kuhusu betri, wasiwasi wenu nauelewa, lakini hesabu ni nyepesi. Balbu ya zamani ya wati 20 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 1.7, ikiwaka saa 4 imekula kama ampea-saa 7, yaani ampea mara saa. Taa ya LED ya wati 3 inavuta robo ampea, na saa hizo hizo 4 inakula ampea-saa 1 tu. Betri ya asidi ya ampea-saa 50 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo tofauti hiyo ndiyo inayokubakizia umeme wa redio na taa za njia, zile zinazoonyesha meli nyingine chombo chako kinaelekea wapi.

Sasa rangi, na hapa naomba tutulie. Wengi mmesikia kwamba taa nyekundu inalinda macho ya usiku. Ni kweli, tena ni muhimu: jicho likishapigwa na mwanga mkali huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza tena sawasawa. Lakini mpeni mpishi samaki aina ya changu ampasue chini ya taa nyekundu. Mashavu mekundu ya samaki mbichi na yale yaliyokwisha kufifia yanafanana. Akijikata, damu kwenye kitambaa cheupe haionekani. Mimi siikubali taa nyekundu kwenye ubao wa kukatia. Nachagua nyeupe yenye umanjano kidogo, iliyofifishwa, na pazia zito mlangoni ili mshika usukani asiguswe na mwanga. Nyekundu ibaki kwa kumimina chai usiku wa manane, nayo isivuje nje. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinakataza taa yoyote inayoweza kudhaniwa kuwa taa ya njia, na nyekundu inayotoka dirishani inaweza kusomwa na meli kuwa ni ubavu wako wa kushoto.

Kwenye waya msibanie pesa. Waya wa nyumbani ukikaa kwenye chumvi, shaba yake inageuka kijani hadi ndani ya mpira. Nunua wenye nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Maungio yavikwe mpira unaonywea ukipashwa moto. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja. Wenye majiko ya mtungi, swichi iwe juu na mbali, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hushuka hadi kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, ambako cheche moja inatosha.

Jambo la mwisho linawahusu wenye redio za VHF, zile za kuzungumzia baharini. Baadhi ya taa za LED huipigia redio kelele zisizosikika mpaka siku ya kuomba msaada. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 2018. Pima hivi: zima taa, chagua chaneli tulivu, zungusha kitufe cha kuzima mkwaruzo (squelch), si cha sauti, mpaka redio inyamaze tu, halafu washa taa. Redio ikianza kukwaruza, taa hiyo irudishe dukani.

Kabla hujatoboa tundu hata moja, funga tochi kwa kamba pale unapokusudia kuweka taa, na umwachie mpishi apike usiku mmoja. Atakuambia isogee wapi. Kesho maji yakishapwa tutafanya hivyo kwenye jahazi lililokaa pale pwani, mwenyewe ameturuhusu. Wapishi mje na visu vyenu.