Anza na mlango, redio iwe ya mwisho: mhadhara wa mziki wa gari, Arusha

Haya karibuni jamani, wale mliosimama pale nyuma sogeeni huku viti bado vipo. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, machalii wa Chuga mambo vipi. Nimeambiwa humu ndani kuna mafundi na kuna wenye magari, sasa mafundi mnivumilie nikirudia mnayoyajua na wenye magari mnivumilie nikianza hesabu, ni za kuzidisha na kugawanya tu hamna ya kutisha.

Swali kwanza. Nikikupa laki nane sasa hivi uende mjini ukatengeneze mziki wa gari yako, unaanza kununua nini? Redio, eeh nimesikia, ile ya android yenye skrini ya inchi kumi. Wewe kaka? Sabufa. Mama pale? Sabufa pia, safi sana mama. Hamna hata mmoja aliyetaja mlango. Mimi nawaambia ukitaka mziki mzuri, sio mziki wa kelele, mziki mzuri, pesa inaanzia kwenye milango miwili ya mbele, alafu inarudi nyuma taratibu mpaka kwenye redio. Watu wengi wanaenda kinyume, wananunua kinachoonekana na mtu akichungulia dirishani.

Ngoja nieleze kwanini. Koni ya spika ikienda mbele inasukuma hewa, na muda huohuo nyuma yake inaivuta. Kwahiyo kuna sauti mbili, ya mbele na ya nyuma, na zinapingana, zikikutana zinauana. Zinazouana vibaya zaidi ni za bezi sababu mawimbi yake ni marefu yanazunguka kirahisi. Sasa fungua kava la ndani la mlango wa IST au Premio uone, utakuta matundu makubwa yamefunikwa na nailoni basi, sauti ya nyuma inapita palepale inakuja kukutana na ya mbele. Mtu ananunua spika za bei kubwa anafunga kwenye huo mlango alafu anasema hizi spika hazina bezi, anakimbilia sabufa, wakati bezi alikuwa nayo ila imekufa mlangoni. Mlango wa hivyo ukiugonga unalia kama debe, na kila unachoupigia ndani wenyewe unaongezea chake.

Kwahiyo toa ile nailoni, ziba matundu kwa bati jepesi la alumini au shiti nzito ya butili, ile raba inayonata ya kuua mtetemo, alafu bandika butili kwenye bati la nje upande wa ndani. Sio lazima ufunike bati lote, vipande vizuri katikati ya bati vinaua sehemu kubwa ya mtetemo, anayekuambia lazima gari zima lijae butili anakuuzia butili. Chini ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji, hivyo usiguse, masika ya huku mnayajua wenyewe, maji yakikaa humo mlango unaoza. Na ile lami ya kuezekea paa nawaomba sana mafundi tuachane nayo, gari ikipaki juani sokoni Kilombero mchana inalainika, inanuka, inachuruzika mpaka kwenye mota ya kioo.

Alafu kitu kingine kwenye Toyota, spika ya kiwandani imeshikwa na ribiti kwenye fremu yake ya plastiki, ukiitoa spika mpya haikai, lazima uchonge ringi. Chonga kwa plastiki nzito au plaiwudi iliyopakwa rangi isiyopitisha maji. MDF ni tamu kuchonga ila ikinyonya maji inavimba, na spika ikilegea kwa barabara zetu za Muriet na Sombetini utaisikia inatetemeka kabla hujafika lami.

Sasa ndo tununue spika. Kuna zile ambazo tweeta, kispika kidogo cha sauti za juu, imekaa katikati ya koni, na kuna komponenti, tweeta peke yake, midi ya sauti za kati na bezi peke yake, na krosova inayogawa sauti. Kwa mziki mzuri chukua komponenti, sababu sauti za juu masikio yanajua kabisa zimetokea wapi, ukipandisha tweeta kwenye nguzo ya kioo mwimbaji anakaa juu ya dashibodi, ukiiacha chini mlangoni anaimba kwenye magoti yako. Na seti moja nzuri ya mbele ni bora kuliko jozi mbili za kawaida. Spika za nyuma ni za abiria wa nyuma, kama una Noah ya familia sawa, kama muda mwingi uko peke yako hizo hela peleka mbele.

Kwenye boksi la spika msisome ile namba kubwa iliyoandikwa MAX. Tafuta RMS, hizo ndo wati inazobeba muda wote. Alafu tafuta sensitiviti, yaani spika inalia kwa nguvu kiasi gani kwa umeme uleule, inaandikwa kwa desibeli, hii wauzaji hawaitaji kabisa na ndo namba ninayoipenda kuliko zote. Spika ya 87 na spika ya 93 zinapishana desibeli 6, na kila desibeli 3 unazidisha wati mara mbili, maana yake ile ya 87 inataka umeme mara nne ili ilie sawa na mwenzake. Kwahiyo kama hununui amplifaya kwa sasa, kimbilia spika yenye sensitiviti kubwa, utanishukuru.

Chalii mmoja ananiuliza hapa mbele, si redio imeandikwa wati 50 mara 4, amplifaya ya nini. Ndo nilikuwa naisubiri hii. Redio ya kawaida haina kitu ndani cha kupandisha volti, inatumia volti za gari kama zilivyo, 14.4 injini ikiwa imewaka. Chukua 14.4, hizo ni za kilele, gawanya kwa 1.41 upate za RMS, ni kama 10.2, zidisha yenyewe kwa yenyewe ni 104, gawanya kwa omu 4, huo ndo ukinzani wa spika, ni wati 26. Hapo hujatoa kinachopotea njiani, kwahiyo wati safi ni kama 20 hivi. Zile 50 ni za sekunde ambayo sauti imeshaharibika. Amplifaya ndani yake kuna saketi inayopandisha volti kwanza, ndo maana ina nguvu.

Na amplifaya nazo wanatudanganya, ile imeandikwa wati 3000 kwa rangi ya dhahabu. Geuza uangalie fyuzi. Ukikuta mbili za 30 hizo ni ampea 60, mara 14.4 unapata wati 864, hizo ndo zinazoingia, sasa 3000 zitatoka wapi? Amplifaya ziko za aina mbili, ya klasi AB inageuza nusu na kidogo ya hizo kuwa mziki, klasi D ni asilimia 80 na kitu. Kwahiyo hapo una wati 500 mpaka 700, na sio mbaya, ila ulipie bei ya 600 usilipie bei ya 3000. Kuna kiwango cha Marekani kinaitwa CTA-2006, zamani CEA-2006, kinapima kwa volti 14.4, omu 4, na uharibifu wa sauti usizidi asilimia 1. Amplifaya ikiandikwa hivyo, namba yake unaweza kuiamini.

Kulinganisha ni rahisi, amplifaya itoe RMS sawa na ile inayobeba spika au izidi kidogo. Watu wanaogopa amplifaya kubwa itaunguza spika lakini tweeta nyingi zinauliwa na amplifaya ndogo iliyosukumwa mpaka mwisho, sauti ikishakatwa kichwa inatoa makali mengi yanaishia kwenye tweeta.

Umeme nitapita haraka. Oltaneta, zile zinazotengeneza umeme injini ikiwaka, za magari yetu madogo nyingi ziko ampea 70 mpaka 100 na gari lenyewe linazihitaji, taa, feni, kompyuta, kwahiyo ukitaka wati elfu mbili za kweli anza kuongelea oltaneta, sio kapasita. Ile kapasita ya kutunza umeme, ya faradi moja yenye taa za bluu, volti zikishuka kutoka 14 mpaka 12 inatoa juli 26, yaani inaendesha wati 1000 kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama 0.026. Ni pambo. Waya wa betri nunua shaba, kwangua kwa kisu, ukiona ndani nyeupe ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Na usidanganywe na unene wa plastiki, geji 4 ya kweli ni milimita 21 za mraba za waya wenyewe. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, sababu inalinda waya usiwashe gari moto, sio kulinda amplifaya. Waya wa erthi, unaorudisha umeme kwenye bodi, pale unapofungwa kwangua rangi mpaka bati ling'ae, ufupi uwezekanavyo. Ukisikia mluzi unapanda na kushuka na injini anza kuangalia erthi na zile nyaya za RCA, zinazobeba sauti kutoka redio mpaka amplifaya, kama zimelazwa pamoja na waya wa betri. Mimi naongelea volti 12 hapa, wenye Coaster nyingi ni volti 24, tuonane pembeni.

Sabufa sasa, najua ndo mnayoingoja. Sabufa bila boksi lake ni nusu ya kitu. Mwaka 1961 Neville Thiele kule Australia aliandika namna ya kupata boksi kwa hesabu za spika yenyewe, na Richard Small akaendeleza miaka ya mwanzo ya 70, mpaka leo kwenye karatasi ya sabufa nzuri utakuta Fs, Qts na Vas, hizo ndo namba zao. Hizo zikishapigwa kwenye programu mpe fundi seremala vipimo vya boksi vilivyotoka, usimwambie tu nichongee boksi linaloenea kwenye buti. Boksi lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile ila ni kubwa na ukikosea hesabu bezi inakuwa moja hiyohiyo wimbo wote, mmesikia vifodi vyetu, zile daladala ndogo, nyimbo zote zina noti moja. Mimi kwa gari dogo napenda boksi lililozibwa, bezi yake inashuka taratibu kwenda chini, na ndani ya gari lililofungwa vioo bezi za chini kabisa zinapandishwa na udogo wa gari lenyewe, vinafidiana vizuri tu. Inchi 10 moja inatosha. Wa inchi 15 mbili wanaendelea na mambo yao, sina ugomvi nao.

Redio ya mwisho. Angalia volti zinazotoka kwenye RCA zake, 4 ni bora kuliko 2, na iwe na krosova na uwezo wa kuchelewesha sauti. Huku tunakaa kulia, spika ya kulia iko karibu zaidi, tuseme ya kushoto iko mbali zaidi kwa nusu mita, sauti inasafiri sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwahiyo ukichelewesha ya kulia kama milisekunde 1.5 zinafika pamoja na mwimbaji anahamia katikati ya dashibodi. Hiyo peke yake inashinda skrini ya inchi kumi. Na kama unabaki na redio iliyokuja na gari kutoka Japani, FM yao inaanzia 76 na za zamani zinaishia 90, yetu inakwenda mpaka 108, ile ekspanda wanayofunga ili redio ishike stesheni zetu inahamisha masafa tu, haiongezi ubora.

Mkimaliza kufunga, spika za milango zikateni kuanzia 80 hezi kwenda juu, chini ya hapo mwachieni sabufa. Kitufe cha geini kwenye amplifaya sio volyumu, ni ya kulinganisha amplifaya na redio. Na msiseti mkiwa mmepaki tu, toka nenda barabara ya Moshi, ukishavuka vibao vya 50 vya Maji ya Chai na Kikatiti ukashika 80 kelele za matairi zinameza bezi, ongeza sabufa kidogo hapo.

Mzee ananiuliza spika za mtumba. Zipo nzuri sana mzee wangu, tena nyingine zinazidi mpya za bei rahisi. Nenda na mita, spika ya omu 4 isome kama 3.2 mpaka 3.7, ikisoma chini ya hapo sana au haisomi kabisa iache. Bonyeza koni kwa vidole viwili pande zote taratibu, ukisikia inakwaruza koili imeshapinda. Pembeni ya koni ikiwa raba sawa, ikiwa sponji ivute kidogo uone, sponji ikizeeka inameguka yenyewe, hapo mwambie muuzaji ashushe bei ya kubadilisha sponji au ondoka.