Kizuri Hakijiuzi Ugenini

Mabibi na mabwana, tumezoea kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo naubishia msemo huo, na shahidi wangu ni gari: NIO, gari la kifahari la umeme kutoka China.

Kampuni hii ilianzishwa mwaka 2014 na William Li. Ilipovuka mipaka mwaka 2021 haikukimbilia penye watu wengi. Ilianzia Norwe, nchi ya watu milioni 5 na kitu. Norwe haina viwanda vikubwa vya magari vya kulindwa, watu wake wana kipato, na wakati ule gari la umeme lilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani. Tena kuna baridi kali, na baridi ndiyo inayoiumbua betri dhaifu.

Wakafungua nyumba yao ya kuonyeshea magari Oslo, mji mkuu, katika mtaa wa Karl Johans gate, ule unaoelekea kasri la mfalme. Lakini mimi kilichonivutia ni kituo cha kubadilishia betri cha Lier, nje ya mji, cha Januari 2022. Dereva anaingiza gari na kubaki kitini. Mitambo iliyo chini inafungua betri iliyokwisha na kufunga iliyojaa. Dakika kama 5, huyo anaondoka. Na kwa kuwa betri yenyewe inaweza kukodiwa kwa mwezi, bei ya gari inashuka, na mnunuzi haogopi tena betri kumzeekea mikononi. Naiheshimu sana akili hiyo.

Walikosea pia. Oktoba 2022 waliingia Ujerumani, Uholanzi, Denmaki na Uswidi wakisema gari ni la kukodi tu, haliuzwi. Wateja wakalalamika, na haki yao: anayetoa fedha nyingi hivyo anataka kadi ya gari iwe na jina lake. Mwezi uliofuata wakakubali kuuza.

Serikali nazo zina neno. Januari 2023 Norwe ilianza kutoza kodi ile ya ongezeko la thamani kwa sehemu ya bei inayozidi krona 500,000. Mzigo ukaangukia hasa magari ya kifahari. Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya ukaongeza ushuru kwa magari ya umeme yanayotoka China, asilimia 20.7 kwa NIO, juu ya ile 10 ya kawaida.

Hata hivyo, naamini ushuru si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Mtu wa Hamburg, Ujerumani, akilizunguka gari hili haulizi kama ni zuri, analiona. Anajiuliza, baada ya miaka 5 akitaka kuliuza, nani atalinunua? Hilo kituo cha Lier hakijamjibu.