Tundu la Jeti na Presha Iliyo Nyuma Yake

Karibuni, ndugu zangu mafundi, na ninyi mnaopenda magari ya mbio. Kabla sijaandika chochote ubaoni, naomba pistoni hii ipite mkono kwa mkono. Itazameni upande wa vali ya moshi. Kuna tundu linalopitisha kidole, na kingo zake zimelainika kama nta iliyokaribia moto. Ilitoka kwenye injini ya silinda nne iliyofungwa nitrasi, yaani gesi ya nitrous oxide inayopulizwa kwenye injini ili kuongeza nguvu, ya nguvu farasi 50. Mwenye gari aliniletea pistoni hiyo pamoja na jeti zake mbili, vile vipande vyenye tundu linalopima kiasi kinachopita, ya nitrasi na ya petroli, akaniambia, "Fundi, hizi jeti ni zilezile za kwenye jedwali la mtengenezaji." Nikazipima kwa pini. Alisema kweli. Jeti zilikuwa sahihi na pistoni imetoboka. Nataka tukitoka hapa kila mmoja aweze kueleza ilikuwaje.

Tuanze na nitrasi yenyewe, kwa kifupi. Wengi hudhani ndiyo inayowaka. Haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Kwa uzito, hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 23 hivi, na nitrasi ina asilimia 36. Tena inatoka mtungini ikiwa kimiminika na kuchemka kwa nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inaipoza hewa inayoingia, na hewa baridi hujaa zaidi ndani ya silinda. Joto likifika karibu nyuzi 300, molekuli zinaanza kuvunjika na kuachia oksijeni. Oksijeni hiyo ikikuta petroli ya kutosha, mnapata nguvu mliyoitaka. Ikikuta petroli pungufu, joto linapanda, injini inagonga, na kinachoumia kwanza ni alumini ya pistoni, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, na ikichanganywa na silikoni huyeyuka mapema zaidi.

Sasa hesabu. Kwa nguvu farasi 50 za ziada mimi huanzia kwenye gramu 20 za nitrasi kwa sekunde na gramu 4 za petroli kwa sekunde. Uwiano wa 5 kwa 1. Mwenye kujua kemia atanisimamisha hapo, kwa sababu gramu 1 ya petroli inahitaji gramu 9.6 hivi za nitrasi ili viishe vyote pamoja. Ni kweli. Ile petroli ya ziada tunaiongeza kwa makusudi: inapoza, inapunguza ukali wa moto, na inatuachia nafasi pale vipimo vyetu vinapokosea kidogo. Ukishasoma plagi na sensa ya oksijeni kwenye moshi, unaweza kupunguza petroli hatua kwa hatua. Kuanzia chini na kuongeza petroli baadaye ni hatari, maana kosa la kwanza linaweza kuwa ndilo la mwisho.

Jeti ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu. Namba iliyochorwa juu yake, kwa watengenezaji wengi wa Marekani, ni kipenyo kwa elfu za inchi: 36 maana yake ni inchi 0.036, yaani milimita 0.91. Wengine huandika kwa milimita. Usichanganye namba hizi na namba za biti za drili, ambazo namba ikiwa kubwa biti inakuwa nyembamba. Usipojua jeti yako imepimwa kwa kipimo gani, ipime kwa pini kabla ya kuifunga.

Kosa ninaloliona kuliko yote liko hapa. Kijana ana jeti ya nitrasi namba 36 inayompa farasi 50. Anataka 75. Anasema, 75 ni 50 na nusu yake, basi 36 na nusu yake ni 54. Anaifunga 54. Ndugu zangu, kinachopitisha gesi ni eneo la tundu, na eneo hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Kipenyo kikiongezeka mara 1.5, eneo linaongezeka mara 2.25. Yule kijana anadhani ana farasi 75, na kwa upande wa nitrasi amefunga ya farasi 112. Kama jeti ya petroli aliiacha ya zamani, nitampokea wiki ijayo akiwa na pistoni kama hii. Njia sahihi ni kutafuta kipeuo cha pili cha 1.5, ambacho ni 1.22, kisha kuzidisha kwa 36. Jibu ni 44.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotumika mnapogawa nozeli moja, yaani mdomo unaopulizia ndani ya injini, kuwa nozeli nne, kila silinda na yake. Eneo la jumla libaki lilelile, kila moja ipate robo. Robo ya eneo ni nusu ya kipenyo, kwa hiyo jeti moja ya 52 inakuwa jeti nne za 26. Angalieni tahadhari moja: elfu moja ya inchi ikizidi kwenye jeti ya 52, mtiririko unabadilika kwa asilimia 4. Ikizidi kwenye jeti ya 26 ni asilimia 8, na punje ya uchafu ambayo jeti kubwa ingeipitisha inaziba ile ndogo. Ndiyo maana mfumo wa nozeli nyingi bila chujio safi mimi siuwashi.

Tufike sasa kwenye presha, maana ndiko kifo cha pistoni hii kilikotokea.

Kwa petroli, fomula ni ya kuaminika. Mtiririko ni kigezo cha tundu, mara eneo, mara kipeuo cha pili cha 2 mara densiti mara tofauti ya presha. Chukueni densiti ya kilo 740 kwa mita ya ujazo, kigezo cha tundu cha 0.7, na presha ya bar 3 ambayo ni ya kawaida kwenye magari mengi ya injekta. Ili kupata gramu 4 kwa sekunde mnahitaji tundu la milimita 0.59, karibu namba 23. Gramu zilezile 4 kwenye gari la kabureta lenye presha ya bar 0.4 zinahitaji milimita 0.97, yaani namba 38. Petroli ni ileile, nguvu ni ileile, lakini tundu la pili lina eneo mara 2.7 ya la kwanza. Kwa hiyo mtu akikuuliza, "Kwa farasi 50 nifunge jeti ya petroli namba ngapi?", nawe ukamjibu kabla ya kumuuliza presha yake, umemdanganya hata kama hukukusudia.

Kwa nitrasi fomula hii haitoshi. Mkiiweka jeti ya 36 kwenye fomula ya kimiminika, kwa presha ya bar 63, mtapata gramu 42 kwa sekunde, na mizani itawapa chini ya hapo kwa mbali. Sababu ni kwamba nitrasi inaanza kuchemka ikiwa bado safarini ndani ya bomba na ndani ya tundu lenyewe. Kinachopita ni povu, na povu halina uzito wa kimiminika. Kwa hiyo kwa nitrasi anzeni na jedwali la mtengenezaji, ambaye amepima, kisha pandeni au shukeni kwa hesabu ya eneo. Na jedwali hilo limeandikwa kwa presha fulani ya mtungi. Mtungi wa nyuzi 20 una bar 50 hivi. Ukiwa na nyuzi 30 unafika bar 63. Ukipoa, nitrasi inapungua na petroli inabaki vilevile, gari linakuwa zito lakini injini iko salama. Ukipashwa kuliko jedwali linavyotaka, uwiano unaweza kwenda upande mbaya. Mtungi upashwe kwa blanketi yake ya umeme yenye kidhibiti cha presha. Moto wa gesi usiukaribie kabisa. Nimewahi kuona mtu akifanya hivyo, na nilimkimbilia nikimpigia kelele.

Sasa gari letu. Geji ya petroli ilisoma bar 3, kama jedwali lilivyotaka. Lakini ilisoma hivyo solenoidi, ile vali ya umeme inayoruhusu petroli kupita, ikiwa imefungwa, petroli imesimama kwenye bomba. Nilipofungua solenoidi, jeti ikaanza kumwaga, pampu ikalemewa, sindano ikashuka hadi bar 2.1. Pigeni hesabu: 2.1 gawanya kwa 3, kipeuo cha pili, mnapata 0.84. Gramu 4 zimekuwa 3.35. Na hilo silo baya zaidi. Bomba la petroli la mfumo wa nitrasi lilichukua petroli kwenye reli ileile ya injekta, kwa hiyo injekta za injini nazo zilikosa asilimia 16. Petroli imepungua pande zote mbili kwa wakati mmoja, na nitrasi inaingia yote. Pampu ilikuwa imechoka. Jeti hazikuwa na kosa lolote.

Naona mkono. Ndiyo, mdogo wangu, uliza.

"Mwalimu, na kwenye gari la turbo hesabu ni ileile?"

Umeuliza jambo zito. Kinachosukuma ni tofauti ya presha, kabla ya tundu na baada yake. Turbo ikijaza manifoldi, njia ya hewa inayoingia kwenye silinda, kwa bar 1, na regyuleta yako, yaani kidhibiti cha presha ya petroli, haifuati presha ya manifoldi, petroli ya bar 3 imebaki na bar 2 za kuisukuma. Mtiririko umeshuka kwa asilimia 18. Nitrasi yenye bar 63 imebaki na 62, haijali. Kwa hiyo turbo inapozidi kujaza, ndipo uwiano unapozidi kuharibika. Funga regyuleta yenye bomba dogo linalotoka manifoldi, ili presha ya petroli ipande sawasawa na ya turbo, na uhakikishe pampu inaweza kuifikia.

Taiming na plagi nitazipita haraka. Rudisheni taiming, yaani wakati wa cheche ya plagi, nyuma kwa nyuzi 2 hivi kwa kila farasi 50, na mkikaribia farasi 100 wekeni plagi za baridi zaidi kwa hatua moja.

Lakini mzunguko wa injini siwezi kuupita. Jeti inamwaga kwa sekunde, haijui injini inazunguka kasi gani. Gramu 20 kwa sekunde kwenye silinda nne, kwa mizunguko 6000 kwa dakika, ni gramu 0.1 kila silinda inapovuta. Kwa mizunguko 3000 ni gramu 0.2. Farasi 50 kwa mizunguko 6000 ni karibu nyutoni mita 60 za kuzungusha kranki. Farasi hizohizo kwa 3000 ni karibu 120. Kwa 2000 sitaki hata kuwatajia, maana hapo ndipo kono la pistoni linapopinda. Wekeni swichi inayokataa kufungua nitrasi chini ya mizunguko 3000, na nyingine inayokataa mpaka pedali ya mafuta iwe imekanyagwa hadi mwisho.

Baada ya hesabu yote hiyo, mnapima. Petroli: injini imezimwa, mko nje, hakuna cheche, bomba la nozeli limeelekezwa kwenye kikombe cha vipimo. Fungueni solenoidi sekunde 10 huku mkiangalia geji. Gramu 40 ni mililita 54. Nitrasi: pimeni mtungi kwenye mizani, fungueni sekunde 10, pimeni tena, zitafutwe gramu 200. Fanyeni mahali pa wazi, kwa sababu kwenye chumba kilichofungwa nitrasi huifukuza hewa, na glovu ziwepo mkononi, maana inagandisha ngozi papo hapo.

Pampu ya lile gari ninayo, ipo nje kwenye benchi, imefungwa na jeti yake ya 23 na geji. Nimeongeza kikombe. Zimeni simu, tutoke pamoja. Mmoja ashike saa, mmoja asome sindano kwa sauti tangu solenoidi inapofunguka, na yule mdogo wangu wa turbo ndiye atakayesoma mililita.